Swali la Kumi na Tisa

1

Swali la kumi na tisa lilituchekesha sote.

Tulikuwa tumekaa mkekani pale ukumbini Muheza, wanawake saba wenye watoto wachanga na mimi mwalimu wao wa mazoezi, feni ikizungusha joto lile lile. Nilikuwa nimeshika kishikwambi cha kampuni, namsomea Zaituni maswali ya kujiunga. Zaituni alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu ajifungue. Binti yake, Rahma, alikuwa amelala mapajani mwake, kinywa wazi.

"Una kisukari?"

"Sina."

"Moyo umewahi kukusumbua?"

"Unasumbuliwa na baba yake huyu."

"Zaituni, jibu vizuri bwana, mashine haina utani."

"Basi andika hausumbui. Umeshazoea."

Nikaandika. Nikafika la kumi na tisa. "Je, mtumiaji huingia katika chumba cha mvuke au bwawa la maji moto?"

"Chumba cha nini?"

"Cha mvuke. Kuna watu huko wanalipa, wanafungiwa ndani ya chumba cha moto mpaka watokwe jasho, wanasema ni afya."

Hidaya alicheka mpaka akashika mshono. Yeye alijifungua kwa kupasuliwa, wiki tatu zilikuwa zimepita, mazoezi hajaanza. Alikuwa anakuja kuzungumza na kusubiri zamu yake ya kuandikishwa. "Wanalipia jasho? Si waje Muheza walitoe bure!"

"Andika hapana, Mwalimu," Zaituni akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Waambie chumba chetu cha mvuke ni jikoni, na tunatoka humo na ugali."

Nikabonyeza Hapana. Kwa Zaituni, kisha kwa Hidaya. Nilikuwa bado nacheka nilipobonyeza.

Asubuhi ya siku ile ile, kama kila asubuhi na kila jioni tangu ajifungue, Zaituni alikuwa amekandwa na mama yake. Maji ya majani ya mchungwa yametoka kuchemka, taulo linachovywa, linakamuliwa, linagandamizwa tumboni, kiunoni, mgongoni. Kisha mkaja wa kufunga tumbo, kisha blanketi, kisha uji wa pilipili manga. Nilijua. Mimi mwenyewe nilikandwa hivyo miezi minane nyuma nilipomzaa Nasri wangu, na mikono iliyonikanda ni hiyo hiyo ya Bi Mwantumu, mama yake Zaituni, mkandaji wa mtaa mzima. Nilijua, na wala haikunijia. Kwetu kukandwa hakumo kwenye hesabu ya mambo ambayo fomu inaweza kuyauliza. Ni kulelewa tu. Ni siku ambazo mtu mzima anarudishwa kuwa mtoto wa mama yake.

2

Kwenye mashamba ya machungwa hakuna ngazi tena. Mchumaji anafungwa mkanda wa mwewe, ndivyo tunavyoiita ile mashine ya feni sita, inamnyanyua mpaka kileleni, anachuma huku ananing'inia, inamhamishia mti wa pili. Mwewe hanyanyui zaidi ya kilo hamsini na nane. Ukizidi hata robo taa inawaka nyekundu, unashuka kwenye mizani, na mkanda wako anafungwa aliyesimama nyuma yako. Mzazi anapewa siku sitini za kukaa na mtoto. Siku ya sitini na moja anapanda mizani.

Hapo ndipo Wepesi ulipopata watu. Ni unga, kipakiti kimoja kila asubuhi kwenye maji baridi. Ndani yake mna vijidudu vilivyofundishwa kazi moja: kuingia kwenye mafuta ya mwili na kuyageuza joto. Joto tupu. Mtu anakaa ananyonyesha, anapungua. Analala, anapungua. Vinahitaji siku kumi hivi kushika. Vikishashika havitoki mpaka vife vyenyewe baada ya wiki sita, na dawa ya kuvitoa hakuna. Ndiyo maana kila anayekunywa anavaa kikuku cha kupima joto mkononi. Kijani, salama. Njano, pumzika, kunywa maji. Nyekundu, simu yangu inalia popote nilipo, na mimi nakimbia na ndoo ya barafu.

Na ulifanya kazi. Hilo siwezi kulidanganya. Nimewaona walioingia ukumbini na kilo sabini na mbili wakapaa juu ya michungwa siku ya sitini na moja, wanatupungia mikono huku kanga zinapepea. Madhara tuliyajua: kiu isiyokatika, moyo kwenda mbio, nywele kubaki kwenye kitana, usingizi wa vipande vipande. Tuliyaandika yote kwenye ubao. Nami nikawaambia, kwa moyo safi kabisa, kwamba ukifuata masharti hakuna kitakachokudhuru.

Siku ya kumi na moja tangu anywe kipakiti cha kwanza, Zaituni alikufa.

Simu yangu haikulia. Bi Mwantumu hamkandi mzazi mwenye kitu cha chuma mwilini. Pete, hereni, mkufu, vyote vinavuliwa vinawekwa kwenye kisahani dirishani. Kikuku nacho kikawekwa huko. Nimeuona mstari wake kwenye kishikwambi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nyuzi thelathini na saba na nukta tisa, kijani. Baada ya hapo hakuna kitu.

Walimfikisha zahanati kabla ya saa mbili. Muuguzi alimpima, akadhani kipimo kimeharibika, akaenda kuchukua kingine. Wakaandika homa kali ya uzazi. Alizikwa alasiri ya siku ile ile, na wakati wanaume wanatoka na jeneza mimi nilikuwa uani nyuma ya nyumba, Rahma ananyonya titi moja na Nasri jingine, kwa sababu kati ya wanawake wote waliojaa mle ndani, mwenye maziwa ya kutosha watoto wawili nilikuwa mimi peke yangu.

3

Siku ya nne kampuni ilinipigia. Kwenye kioo alitokea dada mmoja wa umri wangu, sauti ya upole, akajitambulisha kwa jina la Eliwaza.

"Pole sana, dada Salha. Sote huku tumesikitika."

"Ahsante."

"Kikuku kilivuliwa. Tunataka kujua, wakati kimevuliwa alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza. Nilianza kueleza haraka haraka, jinsi mtu anavyoeleza jambo la kawaida, na katikati ya maneno nikajisikia ninachokisema. Taulo. Maji. Blanketi.

"Maji ya nyuzi ngapi?" Eliwaza akauliza.

"Nani anapima? Yanatoka kuchemka, mkandaji anayajua kwa mkono."

"Na muda?"

"Nusu saa. Kuna siku inazidi."

"Halafu anafunikwa."

"Anafunikwa. Anapewa uji wa moto."

Eliwaza akanieleza taratibu, na namshukuru kwamba alinieleza mimi kama mtu mwenye akili zake. Mwili wenye Wepesi, alisema, unatoa joto kwa jasho usiku na mchana, na umeshafika mwisho wa uwezo wake. Ukizungukwa na joto jingine nje, lile la ndani linakosa pa kutokea. Ubaya zaidi ni kwamba vile vijidudu vikipata joto vinachangamka. Vinachoma zaidi, joto linapanda, vinachoma zaidi tena. Ndani ya robo saa damu yenyewe inapikwa.

"Wakati wa majaribio hatukuliona hili," akasema.

"Majaribio mliyafanyia wapi?"

"Huko nje. Wanawake mia tisa."

"Kati yao kuna aliyekandwa?"

"Hatukujua kwamba kuna kitu kama hicho, dada."

"Hamkuuliza."

"Tuliuliza." Hakusema kwa ukali. "Swali la kumi na tisa. Jibu ni hapana, na mjazaji ni wewe."



Akanitumia fomu. Chanzo cha kifo, chagua kimoja: bidhaa, au joto la nje. Nikichagua bidhaa, ukumbi unafungwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa namna hiyo unaweza kula miaka miwili. Nikichagua joto la nje, chini yake kuna mstari: jina la aliyelisababisha.

"Na nikisema ni vyote viwili?"

"Fomu haipokei viwili."

"Nyie mna kumbi ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Na kote huko wazazi wanakandwa."

"Ndiyo maana tunakuomba ujaze mapema, tutoe onyo kwamba mila za kujitia joto ni hatari."

"Na Wepesi, mtatoa onyo kwamba ni nini?"

Eliwaza akatazama pembeni, mahali ambapo mimi sikupaona. "Jaza fomu, dada," akasema. "Tafadhali. Na mimi nina mama."

4

Nilikuwa nakwenda kwa Bi Mwantumu mara nne kwa siku. Nasri namwacha kwa jirani, nakwenda kumnyonyesha Rahma. Mtoto alikuwa mwepesi mno, shingo imeshikiliwa na kitu kidogo tu, lakini alinyonya kwa hasira, amekunja ngumi, kama mtu aliyekuja kudai chake. Hapo ndipo nilipopata nguvu. Nilijiambia, huyu anataka kuishi. Basi kuna jambo moja halijaharibika.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimkuta Bi Mwantumu ameketi kibarazani na ungo mapajani, anachambua majani ya mchungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uji wako huo, umefunikwa hapo. Kunywa kwanza, maziwa yashuke."

Nikaketi. Akanipa mtoto. Rahma akawa anameza kwa sauti.

"Anakunywa huyo!" Bi Mwantumu akasema. "Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa ananiuma, nikimfinya pua ananicheka." Akachambua. "Salha, nikuambie kitu, lakini kisitoke."

"Niambie, mama."

"Ile wiki ya mwisho mgongo ulinishika. Nilikuwa namkanda nusu nusu. Siku mbili nzima nilimkanda juu juu tu, nikamwambia kesho nitakukanda vizuri. Nadhani baridi ndiyo ilipata njia ikamwingia. Ile asubuhi nilimkanda sawasawa, nikaongeza na maji, lakini nilikuwa nimeshachelewa." Alikuwa anavunja vijiti vya majani bila kuvitazama. "Mzazi hafi hivi hivi. Ameuawa na uvivu wangu."

Niliuweka uji chini.

"Ila Hidaya simwachii," akaendelea. "Mama mkwe wake amekuja, kidonda kimekauka, kesho saa kumi na mbili naanza naye. Watu wananiambia pumzika, umefiwa. Nipumzike nifanye nini? Nitakaa hapa niitazame hii mikono? Huyu nitamkanda mpaka baridi yote imtoke, wallahi."

Hidaya alikuwa amekunywa Wepesi siku ishirini na tano. Watano wengine wa ukumbini kwangu walikuwa wamemaliza kukandwa kitambo. Alibaki yeye.

5

Nilikwenda kwa Hidaya moja kwa moja. Nilimkuta chumbani, dirisha wazi, kanga ameifunga kiunoni tu, anajipepea na kifuniko cha ndoo. Kikuku kilisoma thelathini na nane na nukta tatu.

"Mwalimu! Kilo tano!" akanirukia na habari. "Tano, na sijanyanyua hata mguu!"

"Hidaya, nisikilize. Kesho usikandwe."

Akacheka. "Eti?"

"Wepesi unatia joto. Maji ya moto yataongeza. Mwambie mama mkwe hutaki."

"Mama Nasri, wewe unaishi nyumba hii? Mimi nimwambie yule mama sitaki kukandwa? Si atasema nimefundishwa ukumbini niue uzazi wa mwanawe! Na mkandaji mwenyewe Bi Mwantumu. Mtu kafiwa juzi, katoka ndani kwa ajili yangu, nimwambie rudi?"

"Hidaya, ni hatari."

"Kwa nini? Zaituni si alikuwa anakunywa na anakandwa?" Bado alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likapungua kidogo, likasubiri. "Mwalimu?"

Jibu lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Neno moja lingetosha, na kesho yake yule binti angejifungia chumbani na hakuna mama mkwe ambaye angemtoa. Lakini Hidaya angemwambia mumewe, mumewe angemwambia mama yake, na kabla giza halijaingia mtaa wote ungejua nani alimkanda nani mpaka akafa. Bi Mwantumu angelisikia dukani, anapokea chenji. Angelisoma kwenye nyuso za watu kabla ya kuambiwa.

Kama kulikuwa na mtu wa kumwambia, ni mimi. Na kama kulikuwa na mtu wa kuambiwa kwanza, ni yeye.

"Ukianza kukandwa kabla sijafika," nikasema, "hicho kikuku usikivue. Wakikuvua kwa nguvu, piga kelele."

Nilitoka nikiwa nimemtia hofu isiyo na jina, na hiyo pia ni dhambi.

Njiani nilijaribu kila mlango. Nimwambie Bi Mwantumu kwamba Hidaya amesafiri? Hidaya yuko mita mia mbili kutoka kwake. Niseme daktari amekataza? Wakandaji wamewazika madaktari wangapi waliokataza? Nikaze moyo nimwache aendelee kuamini ni uvivu wake? Huo ulikuwa uongo unaomtafuna tayari. Ila ukweli wenyewe ungemla mzima. Nilitaka aishi. Nilitaka na Hidaya aishi. Na nilitaka, niseme ukweli, kesho yake saa moja nibishe hodi kwa Bi Mwantumu, niambiwe karibu mwanangu, nipewe Rahma.

6

Alikuwa bado na ungo wake. Majani sasa yalikuwa chungu nzima, ya kijani, yananukia.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Mama, Zaituni hakufa kwa homa."

Mikono haikusimama.

"Nilimpa dawa ukumbini. Unga wa kupunguza mwili, ili mwewe amnyanyue arudi kazini. Unatia joto ndani ya mwili. Joto lilizidi, likamuua."

"Dawa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Dawa yako."

"Dawa yangu."

Aliinua macho. Yalikuwa makavu na makali, na nikaona kitu ndani yake kinafunguka, kitu kama hewa. Mtu aliyejilaumu wiki mbili amepewa mwingine wa kumlaumu. Ningeweza kuishia pale. Mungu ananiona, nilitamani kuishia pale.

"Na Hidaya anakunywa hiyo hiyo?"

"Anakunywa."

"Basi afadhali umeniambia." Akavuta majani kwa pupa. "Kesho nitamkanda mara mbili. Maji ya moto kabisa, atoke jasho, limtoke hilo lijoto lenu lote."

"Hapana, mama."

"Hapana nini? Wewe umeshaua mmoja, huyu niachie mimi."

"Mama, ni maji." Sauti yangu niliisikia mbali. "Kwa dawa peke yake asingekufa. Wenzake wote wanaoinywa wako hai. Dawa inawasha ndani, maji ya kukandia yanaziba nje, joto linakosa pa kutokea. Vikikutana ndivyo vinavyoua. Hukujua. Hakuna aliyejua. Mimi ndiye niliyeulizwa kwenye fomu, na mimi nikajibu vibaya. Lakini ukimkanda Hidaya kesho, atakufa kama Zaituni."

Ungo uliteleza ukatua kibarazani, upande upande. Majani yakamwagika.

Ndani ya nyumba Rahma alianza kulialia, akaacha.

"Aliniambia yanaunguza," Bi Mwantumu akasema. Hakuwa anazungumza na mimi. "Nikamwambia vumilia, mimi nilivumilia ulipozaliwa wewe. Akasema, 'Mama, moyo.' Nikamwambia hebu acha uvivu. Akanishika huu mkono. Nikautoa." Akautazama mkono wenyewe, wa kulia, akaugeuza kiganja. "Nikautoa nikamfunika."

"Mama—"

"Nenda, Salha."

"Mama, hukujua."

"Nimesikia. Nenda."

7

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa uani kwa kina Hidaya. Sufuria kubwa lilikuwa jikoni linatokota, mvuke wa majani ya mchungwa umejaa ua. Mama mkwe alinitazama kwa jicho la kuuliza, mwalimu wa mazoezi amekuja kufanya nini saa hizi. Sikuwa na hakika Bi Mwantumu atakuja. Kama asingekuja, mama mkwe alikuwa ameshakunja mikono ya dera, tayari kumkanda mwenyewe, na mimi nilikuwa tayari kupigana naye.

Alikuja. Kanga moja kichwani, moja begani, miguu peku. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akashika masikio ya sufuria kwa ncha za kanga yake, akalibeba mpaka katikati ya ua, akalimwaga. Kuku walitawanyika. Maji yalikimbia mpaka kwenye vidole vyake vya miguu, na hakurudi nyuma.

"Dada!" mama mkwe akapiga kelele. "Subhanallah, una nini?"

"Maji haya yalimuua mwanangu," Bi Mwantumu akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Na aliyeyachota ni mimi. Mkweo amekunywa unga kama aliokunywa Zaituni. Asikandwe na mtu. Muogeshe maji ya mtungini, na hicho kidude cha mkononi asikivue. Na mwenye kuuliza zaidi amuulize huyu."

Alininyooshea kidole bila kugeuza uso, akatoka.

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wake, amesikia yote. Kikuku chake kilikuwa kijani. Alifungua kinywa kuniambia kitu, pengine ahsante, pengine tusi. Akageuka, akaingia ndani.

Nilikwenda ukumbini nikaifungua fomu. Nikachagua bidhaa. Nikarudi nyuma nikachagua joto la nje, kwa sababu ndicho chenye nafasi ya kuandika. Kwenye mstari wa jina la aliyelisababisha nikaandika langu, majina yote matatu, na chini yake: Unga wenu pamoja na maji ya moto ya kumkandia mzazi. Niliulizwa katika swali la kumi na tisa nikajibu hapana, kwa sababu swali halikutufahamu. Waambieni kumbi zote mia mbili na kumi leo, kabla ya jioni, kwa sababu jioni watakandwa tena. Kishikwambi kikafikiri. Kikaandika ahsante kwa ushirikiano wako. Kabla ya saa nne jina langu lilikuwa limefutwa, na mlango wa ukumbi ulikataa kidole changu. Kama onyo lilitoka sikuambiwa. Nilimpigia Eliwaza mara tatu. Mara ya tatu alipokea, hakusema kitu, nikasikia anapumua, akakata.

Maziwa ndiyo yaliyoniambia saa. Blauzi ilikuwa imelowa. Nilikwenda mpaka kwenye kile kibaraza, majani bado yamemwagika, yameanza kujikunja kwa jua, na ndani Rahma analia kile kilio chake cha hasira, cha mtu anayedai chake. Nilisimama. Kubisha hodi niliogopa, kuondoka sikuweza.

"Ingia," sauti ikasema. "Yuko kitandani."

Bi Mwantumu alikuwa ameketi sakafuni pembeni ya kitanda, amekiweka kichwa ukutani. Mbele yake beseni la maji baridi, na mikono yake yote miwili imo ndani mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa analia hatua moja kutoka kwake, uso umeiva, nepi imejaa mpaka inavuja. Sijui alikuwa amelia kwa muda gani.

Nilimchukua. Nikambadilisha, nikaketi, nikamnyonyesha. Alinyonya na kwikwi, kisha bila kwikwi, kisha akafumbua macho akanitazama mimi kana kwamba ndiye mtu aliyemtafuta maisha yake yote. Nilimbusu utosini. Aliposhiba alibeua, akalegea, akawa mzito kidogo kuliko jana. Kidogo tu, lakini mimi kazi yangu ilikuwa mizani, siwezi kukosea.

"Ameongezeka, mama," nikasema.

Nikasogea mpaka alipo, nikapiga magoti, nikamnyooshea mtoto. Alimtazama Rahma kwa muda mrefu, usoni, vidoleni. Mikono haikutoka kwenye maji.

"Mlaze hapo hapo," akasema. "Mikono yangu bado ya moto."